Oltaneta inakufa: utengeneze yako, uchukue used ya mwaka uleule, au ya mwaka mwingine?

Oltaneta ndo kile kidude kinachozungushwa na mkanda wa injini ili kuchaji betri. Muuza spea wake akikwambia "hii ya 1NZ bosi, inaingia gari zote" hadanganyi, inaingia kweli. Ila kuingia ni kitu kimoja na kuchaji vizuri ni kitu kingine, mimi somo hilo nimelilipia betri nzima.

Gari yangu ni IST ya 2003, ile NCP61 yenye injini ya 1NZ-FE. Hii injini Toyota waliisambaza kama chumvi, ipo kwenye Vitz, Platz, Funcargo, Spacio, Runx, Probox, Premio na Allion za 1.5, na miaka yake ni mingi, kwa hiyo ukifika Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, unakuta oltaneta zimepangwa kama mihogo na zote zinafanana kwa macho. Ndo hapo watu tunapotegwa. Ukiwa na oltaneta inayokufa una njia nne: unatengeneza ileile yako, unanunua used ya namba ileile, unanunua used ya mwaka mwingine au modeli nyingine, au unachukua mpya ya China. Nitazilinganisha ila sitozipa uzito sawa, mana hiyo ya tatu ndo inayowaliza watu.

Kwanza hakikisha ni oltaneta kweli

Nunua testa, hata ile ya bei rahisi kabisa. Asubuhi kabla hujawasha gari pima betri, ikiwa nzima itasoma volti 12.5 au 12.6 hivi. Washa gari, pima tena palepale kwenye betri, inatakiwa ipande iwe kati ya 13.5 na 14.5. Sasa washa taa kubwa, feni, AC, mtu akanyage mafuta mpaka mshale ufike kama 2000, ikishuka chini ya 13 oltaneta imechoka. Ikibaki 12 na kitu haichaji kabisa, na ikipita 15 inachaji kupita kiasi, hapo mara nyingi ni regyuleta, kile kidude cha ndani kinachopanga volti.

Kuna kipimo kingine mafundi wengi wanakiruka. Weka ncha moja ya testa kwenye ile bolti nene ya nyuma ya oltaneta, ncha nyingine kwenye chanya ya betri, gari iwe inaunguruma na taa zimewashwa. Ikisoma zaidi ya 0.2 basi umeme unapotea njiani, waya umeoza ndani au terminali imeota ule unga wa kijani, na hapo hata ukifunga oltaneta mpya ya kwenye boksi utarudi palepale. Fanya hivohivo kati ya bodi ya oltaneta na hasi ya betri. Mkanda nao uangalie, mkanda uliolegea unafanya oltaneta nzima ionekane mbovu.

Na ile tabia ya kuchomoa terminali ya betri gari ikiwa inawaka "tuone kama oltaneta inafanya kazi", tafadhali usikubali. Betri ndo inayotuliza volti, ukiitoa ghafla volti zinaruka juu na unaweza kuua regyuleta, diodi (vile vya ndani vinavyoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu) au kontrol boksi (kompyuta ya gari) kwa sekunde moja, afu fundi anakuangalia anasema "umeona, ilikuwa mbovu". Imekuwa mbovu sasa hivi, ndugu yangu.

Kutengeneza yako na kununua used ya namba ileile

Hizi mbili ndo za kushindanisha kwanza kabla hujafikiria miaka mingine.

Ya kwako faida yake ni moja ila ni kubwa: soketi ni yake, puli (lile gurudumu la mkanda) ni yake, amp ni zake, hakuna cha kubahatisha. Na oltaneta mara nyingi haifi yote, kinachokufa ni kitu kidogo ndani. Kaboni, zile zinazopeleka umeme kwenye rota inayozunguka katikati, zinaisha, hiyo ndo ya kwanza kabisa kushuku kwenye gari iliyotembea sana. Toyota nyingi za miaka ile kaboni mpya inachomoza kama milimita 10.5 na ikibaki 1.5 ndo mwisho, kwa hiyo fundi akifungua mwambie akuonyeshe, usikubali kuambiwa tu "zimeisha". Beringi zikiisha utasikia mlio unaopanda na kushuka na injini. Diodi ikifa unaweza kuta gari inachaji kiasi lakini asubuhi betri imelala, mana umeme unarudi nyuma kupitia hapo usiku kucha. Hiyo unaipima kwa kuweka testa upande wa volti za AC (siyo AC ya ubaridi) ukiwa umewasha gari, ikizidi nusu volti shuku diodi. Regyuleta nayo inabadilishwa peke yake.

Kisichofaa kutengenezwa, kwa maoni yangu, ni koili iliyoungua. Ukifungua ukakuta waya za ndani zimekuwa nyeusi zina harufu ya kuungua, achana nayo. Wapo mafundi wanaosuka upya na wanasuka vizuri, ila hizi za Denso, kampuni inayowatengenezea Toyota, za kuanzia miaka ya 2000 nyingi zina waya bapa zilizopangwa kwa mashine na kuchomelewa, siyo zile za duara za zamani ambazo fundi anazungusha kwa mkono. Rota nayo pima kabla hujanunua vipuri, gusisha testa kwenye zile ringi mbili, ikisoma ohm 2 mpaka 3 hivi iko sawa, ikiwa haisomi kitu imekatika na hapo kubadilisha kaboni ni kutupa hela.

Used ya namba ileile inashinda pale tu yako imeungua ndani au huna muda wa kusubiri. Na nikisema namba namaanisha namba iliyoandikwa kwenye kibandiko au kugongwa kwenye bodi, siyo "ya IST". Toyota namba za oltaneta zinaanza na 27060 afu zinafuata tarakimu tano, na pembeni unakuta namba ya Denso wenyewe, mara nyingi inaanzia 102211 au 104210. Nissan zinaanza 23100, Honda 31100. Piga picha ya kwako kabla hujaenda dukani. Muuzaji akiona umeshika namba anaacha hadithi.

Ubaya wa used ni kwamba hujui imetembea kilomita ngapi Japani, unaweza ukanunua yenye kaboni fupi kuliko hata zako. Ndo mana mimi sasa hivi nikinunua used nampitishia fundi dinamo kwanza, aizungushe kwenye benchi yake, afu namwambia afungue kifuniko cha nyuma aangalie kaboni. Kifuniko ni nati tatu tu. Muuzaji akikataa hilo, yuko jirani yake mwingine.

Ya mwaka mwingine

Haya, sasa hapa ndo nilipokaangwa.

Yangu ilikuwa inafifisha taa usiku, nikakwama foleni ya Ubungo na mvua, waipa zinatembea kama zinasali. Nikapima, 12.1 gari ikiwa inawaka. Fundi akaja na oltaneta ya 1NZ ya gari ya miaka ya mbele, safi, inang'aa, na bei ilikuwa nzuri kuliko ya namba yangu. Bolti zikakaa, mkanda ukakaa. Soketi ikagoma. Yangu ilikuwa ya pini tatu, ile ina nne. Fundi akasema hakuna tabu, akakata soketi akaunga waya mojamoja, taa ya betri ikazima, nikalipa nikaondoka nashukuru Mungu.

Wiki ya pili nikaanza kusikia harufu ya mayai viza nikisimama kwenye taa za barabarani. Betri imetuna mbavu, maji yamekauka, balbu mbili za mbele zimekatika. Napima: 15.4.

Kosa lilikuwa hili, na ni vizuri kuelewa ili usirudie. Kwenye Toyota za miaka ile, zile pini tatu kila moja ina kazi yake. Pini ya IG inapata umeme ukifungua swichi, ndo inayoiamsha regyuleta. Pini ya L inakwenda kwenye taa ya betri dashibodi. Pini ya S inatoka moja kwa moja kwenye betri, hiyo ndo jicho, regyuleta inaitumia kuona betri ina volti ngapi. Ile ya nne kwenye oltaneta mpya zaidi, kwenye Toyota nyingi ni M, kazi yake kuipa kontrol boksi taarifa oltaneta inabeba mzigo kiasi gani. Fundi wangu hakujua ipi ni ipi, akaunga S na IG pamoja kwenye waya wa swichi. Waya wa swichi unapita swichi, fyuzi, soketi nyingi, mpaka ufike kwenye oltaneta umeshapoteza kama volti moja na chenji, kwa hiyo regyuleta ikawa inaona betri ina 14 wakati ina 15 na kitu, ikawa inaongeza tu. Oltaneta ilikuwa nzima kabisa, jicho lake ndo lilikuwa limefungwa.

Kwa hiyo ukiniuliza ya mwaka mwingine inafaa au haifai, inategemea inatoka wapi inakwenda wapi.

Gari ya zamani na oltaneta ya zamani ya mwaka tofauti, pini tatu kwa tatu, soketi inaingia bila kukata kitu: chukua bila wasiwasi, hapo tofauti ya mwaka ni ya kwenye karatasi tu. Hakikisha herufi ziko mpangilio uleule, nyingi zimeandikwa pembeni ya soketi.

Gari ya zamani na oltaneta ya pini nne yenye M: inawezekana, M unaiacha haina kitu, ila usikate soketi kwa kukisia rangi. Nunua na soketi yake pamoja na kipande cha waya, afu unganisha IG kwa IG, S kwa S, L kwa L. Alama kwamba umepatia: ukifungua swichi bila kuwasha injini taa ya betri lazima iwake, ukiwasha injini izime. Isipowaka kabisa mwanzoni usifurahi, hiyo siyo dalili ya uzima, ina maana siku ikifa hutoambiwa.

Gari mpya zaidi na oltaneta ya zamani, yani kinyume chake: M ikikosekana betri itachaji, ila kontrol boksi haijui mzigo, unaweza kuona sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inayumba ukiwasha AC na taa. Inavumilika mpaka upate ya kwake.

Ila kuna gari ambazo angalia hasi ya betri utaona kijisensa kimefungwa pale kwenye terminali. Hapo gari yenyewe inaamua oltaneta ichaji kiasi gani na saa ngapi, ili kupunguza ulaji wa mafuta. Nissan walianza hivo kwenye gari kama Tiida na Note, unakuta kuna pini inayoitwa C inayopokea amri, na uzuri wao ni kwamba amri ikikosekana oltaneta inarudi kujiendesha yenyewe kwa regyuleta ya ndani. Honda wao muda mrefu wanafanya yao: wana kifaa cha kupima mzigo kwenye boksi la fyuzi, mzigo ukiwa mdogo gari inashusha mpaka 12.4 au 12.9 makusudi, mzigo ukipanda inarudi 14.4 kwenda juu. Mtu wa Fit anapima anakuta 12.7 anakimbilia kununua oltaneta, kumbe gari inapumzika tu. Washa taa kubwa na AC kwanza ndo upime. Kwa gari za aina hii mimi sishauri kabisa mambo ya mwaka mwingine, tafuta namba yake au tengeneza.

Amp na puli, vitu viwili watu wanavichanganya

Utasikia "usifunge oltaneta ya amp 100 kwenye gari ya amp 70, itaunguza betri". Hapana. Amp ni uwezo, gari inachota inachohitaji, ni kama simtanki kubwa, bomba halitoi maji zaidi kwa sababu tanki limekua. Kinachounguza betri ni volti, na volti ni kazi ya regyuleta. Tahadhari ni upande mwingine: ukishafunga kubwa afu ukaongeza spika na taa za ziada mpaka uzitumie zile amp zote, waya wa kuchajia na fyuzi iliyoandikwa ALT, mara nyingi 100 au 120, haviwezi kubeba zaidi ya vilivyotengenezewa. Kushuka ndo kubaya zaidi. Gari yenye usukani wa umeme ukiifunga oltaneta ndogo ya mwaka wa nyuma, siku ya mvua na taa na AC usukani utakuwa mzito na hutojua kwanini.

Puli hesabu mifereji. Ikizidi au ikipungua, au ikiwa ndogo kwa kipenyo, mkanda wako hautakaa sawa, utapiga kelele kila asubuhi. Puli inahamishika kutoka ya zamani kwenda mpya, fundi mwenye bunduki ya upepo anaifungua dakika mbili, ila baadhi ya oltaneta za karibuni zina puli yenye klachi ndani, hizo zinataka kifaa chake, asipige nyundo.

Na hapa kuna ujanja ulioniokoa mwishoni. Kama oltaneta ya mwaka mwingine ni Denso ya familia moja na yako, fungua kifuniko cha nyuma ulinganishe regyuleta. Matundu ya skrubu na miguu ikikaa sawasawa, toa regyuleta ya zamani yenye pini tatu, funga kwenye bodi mpya. Unapata koili na beringi changa na soketi yako ya asili haijaguswa. Regyuleta yangu ilikuwa nzima, tatizo langu lote toka mwanzo kumbe lilikuwa rota iliyokatika, kwa hiyo nikafanya hivyo na sasa nasoma 14.2 mchana na usiku. Soketi iliyokatwa nikanunua nyingine na waya zake, nikasolda.

Mpya ya China

Sitosema sana. Ziko nzuri na ziko za aibu na boksi ni moja. Ishike kwa mkono ulinganishe na ya zamani, ikiwa nyepesi sana kuna kitu wamekipunguza ndani. Faida ni kwamba namba unapata hasa na kaboni ni mpya. Kati ya hiyo na kutengeneza Denso yangu kwa kaboni na beringi nzuri, mimi natengeneza, ila kati ya hiyo na used ya mwaka mwingine ya kuunga waya kwa kukisia, nachukua mchina bila kufikiria.

Wenye dizeli

Hiace na Hilux za 2L, 3L na 5L zina pampu ya vakyum mgongoni mwa oltaneta, inalainishwa na oili ya injini na ndo inayosaidia breki. Ukichukua ya mwaka mwingine isiyo na pampu, utakuwa na umeme ila breki ngumu kama jiwe, kwa hiyo hapo hata usilinganishe. Na wenye Land Cruiser na Coaster kutoka Japani soma kwanza kama ni volti 12 au 24, zote zipo, na kwa nje zinadanganya.

Kitu kimoja nilisahau kule juu. Ukishafunga, iwe used au mpya, usiwashe gari kwa kubusti na betri iliyolala kabisa ukategemea oltaneta iijaze njiani. Inafanya kazi kwa nguvu zote saa nzima, inachemka, na kama ni used ndo unaimalizia siku ya kwanza. Peleka betri ikachajiwe usiku mmoja kwanza, ndo ufunge.